Kipakatalishi kikuukuu au kipya? Chunguza kizazi cha kichakataji kabla ya bei

MZAZI ambaye mwanawe ameitwa chuo kikuu hukabiliwa na uamuzi mgumu mara tu karo inapolipwa. Kipakatalishi, au laptopu kama wengi wanavyoiita, si anasa tena. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa kupitia mtandao, na kazi nyingi za wahadhiri hupigwa chapa na kutumwa kwa njia iyo hiyo. Hata hivyo, pesa zilizosalia mfukoni ni haba. Je, anunue kifaa kilichokwisha kutumika ng'ambo, au ajikaze anunue kipya?

Katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, vifaa vya aina zote mbili huuzwa bega kwa bega. Vingi vya vile vilivyotumika vilikuwa mali ya kampuni za nchi za nje, ambazo hubadilisha vyombo vyao vya kazi kila baada ya miaka michache. Mnunuzi asiyejua la kutazama huvutiwa na bei ya chini, ama na kifaa kinachometameta. Yote mawili yanaweza kumpotosha.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni muda ambao kifaa kitaendelea kupata marekebisho ya usalama. Kampuni ya Microsoft ilizindua mfumo wa Windows 10 mnamo Julai 2015, na Oktoba 14, 2025 ikasitisha huduma ya kawaida ya kuurekebisha. Tarakilishi zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zingali zinafanya kazi. Lakini isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza, mianya mipya inayogunduliwa na wahalifu wa mtandaoni haizibwi. Anayetumia mashine kama hiyo kuingia katika akaunti ya benki, iTax au eCitizen ni sawa na mwenye nyumba aliyepoteza kitasa cha mlango na asijali kukirejesha.

Mfumo uliofuata, Windows 11, ulitolewa Oktoba 2021 ukiwa na masharti makali zaidi. Unahitaji kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, hifadhi ya GB 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Aidha, kwa jumla unahitaji kichakataji cha Intel Core cha kizazi cha nane au zaidi, ambacho kiliingia sokoni mwaka wa 2017, au cha AMD cha rika hilo. Hapa ndipo mstari unapopita kati ya kikuukuu kinachofaa na kile kilichopitwa na wakati.

Mnunuzi asiridhike kwa kuona tu maandishi ya Windows 11 kwenye skrini. Mafundi wanaweza kuulazimisha mfumo huo ndani ya mashine isiyotimiza masharti, na Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hiyo itaendelea kupata marekebisho.

Kizazi cha kichakataji hutambulika kwa nambari inayofuata jina lake. Core i5-8250U ni cha kizazi cha nane, kwa sababu nambari inaanza na 8. Core i5-4300U ni cha kizazi cha nne, nayo Core i5-1135G7 ni cha 11. Ni muhimu kuelewa hili kwa sababu wauzaji wengi husifu "Core i7" bila kutaja kizazi. Core i7 ya mwaka wa 2011 yaweza kushindwa na Core i3 ya miaka kumi baadaye, huku ikitumia umeme mwingi na kupata joto upesi.

Je, basi ni heri kununua kipya? Si lazima. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Baadhi ya vipakatalishi vipya vya bei ya chini huja na kichakataji dhaifu cha Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 zilizolehemiwa ndani, zisizoweza kubadilishwa wala kuongezwa. Mfumo wenyewe humeza sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na baada ya muda mfupi hakuna nafasi hata ya kupokea marekebisho. Kipakatalishi cha ofisi kilichotumika, chenye kichakataji cha Core i5 cha kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, kitakitangulia kwa mbali. Vilevile, vingi vya vifaa hivyo vya ofisi hufunguka kwa urahisi na sehemu zake hubadilishika.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Tuseme kifaa cha kwanza kinauzwa Sh18,000, lakini kinahitaji betri na diski kwa Sh9,000 na kitafaa kwa mwaka mmoja na nusu. Gharama yake ni Sh27,000, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Cha pili kinauzwa Sh36,000 na kitamfikisha mwanafunzi hadi mwaka wa nne. Hicho kinamgharimu Sh9,000 kwa mwaka. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aombe kifaa kiwashwe na akikague bila haraka. Betri huchakaa hata ikikaa bila kutumiwa. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa awali wa betri na uwezo uliosalia. Ikiwa wa awali ni 50,000 na wa sasa ni 25,000, nusu imekwisha, na bei ya betri mpya sharti ihesabiwe. Ajaribu kila kitufe cha kibodi, kamera, spika, bawaba na tundu la chaja. Kisha azime kifaa na kukiwasha akiingia kwenye BIOS. Kikidai nywila asiyoijua muuzaji, aachane nacho, kwani huenda kingali kimefungwa na kampuni iliyokimiliki, au kiliibwa.

Risiti yenye nambari ya usajili ya kifaa pamoja na muda wa dhamana ni ya lazima. Kanuni ya Adhabu inamhukumu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Kwa upande mwingine, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Bila risiti, ni vigumu kuidai haki hiyo.

Aliye na kifaa cha kizazi cha nne au cha sita hana haja ya kukitupa. Akikitilia SSD na mfumo wa bure wa Linux kama vile Ubuntu au Linux Mint, kitaendelea kupata marekebisho ya usalama na kufaa kwa kuandika, kusoma na kuvinjari mtandao. Aulize kwanza chuoni au kazini iwapo programu anazohitaji zinakubali mfumo huo, kwani baadhi ya programu za uhasibu na za uchoraji wa kihandisi hutaka Windows pekee.

Kwa mwanafunzi wa kawaida, kipakatalishi cha ofisi kilichotumika, kisichopungua kizazi cha nane na kilichopita ukaguzi, ndicho chaguo bora kwa pesa chache. Kipya kinunuliwe na mwenye uwezo wa kupata chenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 kwenda juu. Asiyefikia bei ya kimojawapo ni afadhali aendelee kuweka akiba kuliko kununua kifaa kitakachomrudisha dukani kabla ya mwaka wa pili wa masomo.