Dalali nafuu Marekani: punguzo ni la upande mmoja

Wauza nyumba nchini Marekani wamezoea kukatwa kamisheni ya asilimia 5 hadi 6, wanayogawana dalali wa muuzaji na wa mnunuzi. Kwa nyumba ya dola 400,000, asilimia 6 ni dola 24,000.

Dalali nafuu akitoza asilimia 1.5 badala ya 3, punguzo ni la upande wake tu. Dalali wa mnunuzi akipewa asilimia 3 zake, jumla ni dola 18,000.

Tangu Agosti 17, 2024, kufuatia chama cha madalali, NAR, kukubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi, malipo ya dalali wa mnunuzi hayatangazwi tena katika orodha za pamoja za mauzo. Muuzaji asiyejadili fungu hilo bado analipa robo tatu ya gharama ya zamani.