Hisabati haifundishwi kasuku

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya upili, mwanafunzi aliniuliza angetambuaje kwamba 8,191 ni nambari tasa, yaani haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilimwamuru aigawe kwa kila nambari tasa kuanzia 2 hadi 89, kwani inayofuata, 97, ikizidishwa kwa yenyewe huipita 8,191. Akauliza iwapo hapakuwa na njia fupi zaidi. Nilimkaripia, nikamwambia aketi. Hadi leo naijutia kauli ile, kwa sababu njia ilikuwapo.

Ukizizidisha mbili 13 kwa pamoja, kisha utoe moja, unapata 8,191. Kwa kuwa 13 yenyewe ni nambari tasa, nambari tasa yoyote iwezayo kuigawa 8,191 bila baki, nayo ikigawanywa kwa 26, sharti ibakishe moja. Kati ya nambari tasa 24 zisizozidi 89, ni mbili tu zenye sifa hiyo: 53 na 79. Gawa 8,191 kwa 53, hubaki 29. Gawa kwa 79, hubaki 54. Kazi imekwisha.

Ni kwa busara ya namna hii Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg nchini Urusi, alivyothibitisha mwaka wa 1772 kwamba 2,147,483,647 ni nambari tasa. Hizo ni mbili 31 zilizozidishwa pamoja, ikatolewa moja. Mtu wa kubahatisha angejaribu nambari tasa zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 248, hakina budi kubakisha 1 au 63. Zikasalia nambari tasa zisizofika hata mia moja. Na wakati huo mzee huyo alikuwa karibu kipofu kabisa!

Wapo watakaodai kwamba siku hizi kompyuta inatosha. La hasha! Mwaka wa 2024 ilitangazwa nambari tasa ya ukoo huohuo, yenye tarakimu 41,024,320. Hakuna mashine iwezayo kujaribu vigawanyo vyote vya nambari kama hiyo. Kompyuta ilifuata kanuni zilizobuniwa na watu waliothubutu kuuliza.

Walimu wenzangu, najua mitihani inatukimbiza na silabasi ni ndefu. Lakini tukimnyamazisha mtoto aulizaye kwa nini, tunafuga kasuku wa kukariri kanuni, ambaye swali likigeuzwa kidogo huduwaa. Nanyi wanafunzi, msione haya. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Yule niliyemketisha hakuuliza tena darasani mwangu mwaka ule wote, na aliyekosea hakuwa yeye.