Pikapu ya zamani na mguu uliochoka

Aliyezoea magari ya siku hizi akiketi nyuma ya usukani wa Chevrolet C10 ya mwaka 1968, kitu cha kwanza kumshtua ni pedali ya breki. Anaigusa kidogo kama alivyozoea, na gari linaendelea tu na safari yake. Anakanyaga tena, sasa kwa nguvu ya paja zima, ndipo linapoanza kutii. Breki si mbovu. Ndivyo zilivyotoka kiwandani: dramu magurudumu yote manne, na nguvu yote ya kusimamisha gari inatoka mguuni mwa dereva. Busta, kile chombo cha duara cheusi kinachokaa nyuma ya masta silinda, ilikuwa nyongeza ya kulipiwa.

C10 za 1967 hadi 1972 zinapendwa mno na wanaofufua magari ya zamani Marekani, na kuzifunga busta ni miongoni mwa kazi za kwanza wanazozifikiria. Mara nyingi kazi huanzia mahali pengine, yaani kwenye diski. Dramu ina ujanja wake: kiatu cha breki kikishagusa dramu inayozunguka, mzunguko wenyewe hukivuta na kukibana zaidi, kwa hiyo dereva anasaidiwa bila kujua. Diski haina msaada huo. Pedi zinabana kwa kadiri zinavyosukumwa, basi. Lakini diski hupoa haraka na haichoki upesi kwenye mteremko mrefu, ndiyo sababu Chevrolet waliifanya kuwa ya kawaida kwa magurudumu ya mbele ya pikapu zao mwaka 1971. Mwenye gari la 1968 akihamishia diski hizo kwenye gari lake, anapata breki bora zaidi na pedali ngumu kuliko ile aliyokuwa akiilalamikia.

Hapo busta inaitwa kazini. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachoigawa vyumba viwili. Injini ya petroli inapovuta hewa kupitia kabureta iliyofungwa nusu, hutengeneza ombwe kwenye manifoldi, na mpira wa hewa hulipeleka ombwe hilo hadi kwenye busta. Dereva asipokanyaga, vyumba vyote viwili vina ombwe na kiwambo kimetulia. Akikanyaga, vali ndogo inafungua njia, hewa ya nje inaingia upande wa dereva, na kiwambo kinasukumwa mbele pamoja na fimbo ya masta silinda. Anayesukuma hapo ni hewa hii hii tunayoivuta puani, na si dhaifu hata kidogo: kiwambo cha kipenyo cha sentimita 23, penye ombwe la kawaida la injini nzima, kinaongeza msukumo wa karibu kilo 250. Cha sentimita 18 kinatoa kama kilo 150. Wenye injini kubwa zinazoziba nafasi chini ya boneti hukimbilia hicho kidogo, kisha hushangaa kwa nini pedali bado ngumu. Dawa yao ni busta yenye viwambo viwili, kimoja nyuma ya kingine.

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi ni kudhani kwamba busta ni kitu cha kupachika na kumaliza. Ikiingia, hesabu nzima ya pedali inabadilika. Breki zisizo na busta hutegemea wenzo mrefu: pedali huzidisha nguvu ya mguu kama mara sita. Zenye busta hutosheka na mara nne hivi, na fimbo hushikizwa chini zaidi kwenye pedali. Magari kadhaa ya miaka hiyo ya GM, kampuni mama ya Chevrolet, yana matundu mawili kwenye pedali kwa sababu hiyo hiyo, la juu kwa breki za kawaida na la chini kwa za busta. Fundi akiiacha fimbo tundu la juu, breki zitashika kwa kushtua na pedali itazama mbali.

Masta silinda nayo ina neno lake. Ya breki za busta huwa na tundu pana zaidi, milimita 28.6 badala ya 25.4, ili isukume mafuta mengi kwa mwendo mfupi. Lakini upana unagawa nguvu. Mtu akinunua masta hiyo pana na kuifunga bila busta, kwa mguu ule ule shinikizo la mafuta litashuka kwa karibu asilimia 21. Ameingia gharama ili breki ziwe dhaifu!

Kisha kuna nafasi kati ya fimbo ya busta na pistoni ya masta, ndogo kiasi kwamba wengi huipuuza. Fimbo ikizidi urefu, pistoni hairudi mwisho, mafuta hayarudi kwenye chombo chake, na breki hubaki zimeshika kidogo kidogo hadi magurudumu yanatoa moshi. Ikipungua, pedali inazama bure kabla breki hazijashika. Vali ya kugawa shinikizo kati ya mbele na nyuma nayo isisahauliwe, kwa maana sehemu ya nyuma ya pikapu tupu ni nyepesi, na dramu za nyuma zikishika mapema gari linaweza kuzunguka barabarani.

Kazi ikiisha na upepo umetolewa kwenye mabomba, kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, pedali inakanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, mguu unabaki pale pale, kisha injini inawashwa. Pedali ikizama kidogo yenyewe, busta inafanya kazi. Ikibaki kama jiwe, ombwe halifiki, au kiwambo kimetoboka.

Ombwe lenyewe huweza kukosekana injini ikiwa nzima. Wapenda mbio hubadilisha kamshafti ili injini ingurume kwa mikogo, na ombwe linashuka gari likiwa limesimama, yaani pale kwenye taa za barabarani ambapo breki zinahitajika. Hao hulazimika kufunga pampu ya umeme. Injini ya dizeli, isiyo na kizuizi cha hewa kama cha kabureta, haina ombwe la kutosha tangu mwanzo. Ndiyo maana kwenye pikapu nyingi za Toyota Hilux za dizeli zilizozagaa Afrika Mashariki, pampu ya ombwe imefungwa mgongoni mwa altaneta. Gari la namna hiyo likibadilishiwa altaneta na kuwekewa isiyo na pampu, taa zitawaka na betri itachaji vizuri kabisa, na dereva atakuta pedali ya breki imekuwa ngumu kama ya C10 ya 1968.