Mrekodi bibi, kisha mpe ajisikie

Jioni za Jumapili katika nyumba nyingi za Kibingo, mkoani Kagera, hufanana. Ndizi zimeshaepuliwa, watoto wamejikusanya kwenye simu ya baba, na bibi yuko pembeni akimbembeleza mjukuu kwa wimbo wa Kinyambo. Mtu akikumbuka, humrekodi. Baada ya wiki mbili video hiyo imefunikwa na nyingine mia, au imefutwa kwa sababu simu imejaa.

Wazazi wasijilaumu sana. Jambo kama hilo liliwahi kuwapata hata watu wenye kamera kubwa na fedha nyingi, katika nchi jirani ya Kongo, enzi hizo ikiitwa Zaire.

Mwaka 1974 jiji la Kinshasa lilijiandaa kwa pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Ili kulisindikiza, Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mwenzake Mmarekani, Stewart Levine, waliandaa tamasha la muziki la siku tatu, Septemba 22 hadi 24. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Tamasha halikusubiri.

Jukwaani walipanda James Brown, aliyeitwa baba wa muziki wa soul, pamoja na Bill Withers, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba. Wenyeji walikuwa Franco na Tabu Ley, ambao wazazi wengi wa Tanzania walikua wakiwasikia redioni. Kamera zilinasa yote.

Kisha mikanda ikawekwa kabatini. Migogoro ya fedha na umiliki iliichelewesha miaka na miaka. Filamu ya kwanza, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, lakini hadithi yake kubwa ilikuwa ngumi. Mmoja wa wahariri wake, Jeffrey Levy-Hinte, hakuusahau muziki uliobaki. Akautengenezea filamu yake, Soul Power, iliyoonyeshwa mwaka 2008.

Ilikuwa imepita miaka 34. Franco alifariki mwaka 1989, Celia Cruz mwaka 2003, James Brown mwaka 2006. Rekodi za wanamuziki wa Kiafrika wa tamasha hilo zilitoka kama albamu mwaka 2017. Tabu Ley alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Filamu yenyewe ina takriban saa moja na nusu, na mzazi anaweza kuitazama na watoto wakubwa. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, lakini muziki hauhitaji mkalimani. Mwonyeshe kijana pale Withers anapoimba akiwa amekaa na gitaa lake tu, bila bendi nyuma yake. Ataona kwamba sauti moja tulivu inaweza kuujaza uwanja.

Kisha mrudi nyumbani kwenu. Mwombeni bibi ruhusa kabla ya kumrekodi. Zimeni redio, mkae naye karibu, simu iwekwe mahali pasipotikisika. Mwanzoni mtaje jina lake, kijiji na tarehe. Akimaliza, mwulizeni wimbo ule huimbwa lini na alifundishwa na nani. Kama babu bado anapiga enanga, naye asiachwe.

Siku hiyo hiyo tumeni nakala kwa ndugu wawili au watatu, kwa sababu simu huibwa, hudondoka majini na hufa bila kuaga. Mpeni jina faili hilo, lisipotee kati ya picha za sherehe.

Na kabla ya kulala, mpeni bibi simu ajisikilize. Huenda akacheka, huenda akasema pale alikosea, aimbe tena. James Brown hakuiona filamu ile. Bibi yupo sebuleni.