Ufasaha wa lugha si kithibitisho cha uaminifu wa baruapepe

KATIKA makala ya leo, ninanuia kulijibu swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila wanapopokea baruapepe kutoka kwa mtu wasiyemjua: “Mwalimu, imeandikwa vizuri hivi, kwani inaweza kuwa ya wakora?”

Naam, inaweza. Zamani tapeli alijianika kwa lugha: alivuruga ngeli, akakosea tahajia, nasi tukamcheka. Siku hizi programu za akili unde humwandikia ujumbe safi kwa dakika moja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi tuangalie nini? Kwanza, anwani. Jina linaloonekana juu ya ujumbe huwekwa na mtumaji mwenyewe. Anaweza kujiita benki au wizara. Tazama kinachofuata alama ya @, na uanzie mwisho wake. Anwani inayoishia kwa .go.ke ni ya asasi ya serikali ya Kenya. Ikiwa baada ya .go.ke pana nukta nyingine na neno jingine, hiyo si ya serikali tena. Hata hivyo, anwani sahihi pia huweza kughushiwa, kwa hivyo usikomee hapo.

Pili, chunguza vitenzi. Ujumbe unakuamuru utende nini? “Bofya”, “tuma”, “thibitisha nywila”? Amri kama hizo zikiandamana na kitisho cha muda, mathalani “kabla ya saa sita usiku”, jua unaharakishwa ili usifikiri. Vijana wanaosaka kazi huambiwa wamechaguliwa, ila watume kwanza ada ya usajili. Jamani, mwajiri ndiye hulipa!

Tatu, uliza kwingine. Usipige nambari iliyo ndani ya ujumbe huo wala kubofya kiungo chake. Itafute mwenyewe nambari ya asasi inayotajwa, kisha upige simu.

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 kinauharamisha ulaghai wa aina hii. Hata hivyo, mara nyingi mkondo wa sheria huanza pesa zikiwa zimeshaenda.

Kwa hivyo, sarufi nzuri tuisifu darasani. Kwenye baruapepe ya mgeni, tumuulize kwanza yeye ni nani na anataka nini.