Kiatu cha Baiskeli Kisitupwe Upesi

Mwezi Septemba 2025, mji wa Kigali uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Viatu vya waendeshaji wa namna hiyo hunaswa na pedali kwa kishikizo kilichofungwa chini ya soli, mtindo uliopata sifa mwaka 1985, Bernard Hinault alipoutumia kushinda Tour de France.

Kishikizo kilicholegea ni hatari. Mwendeshaji apindapo mguu ili ajinasue, kishikizo huzunguka pamoja na kiatu badala ya kuachia, naye huanguka akiwa ameshikwa na baiskeli yake.

Katika viatu vya skrubu mbili, aghalabu kilicholika ni meno ya kibati cha chuma kilichomo ndani ya soli. Vibati vingi vina matundu manne. Jozi moja ikiharibika, itumike ya pili. Zote zikilika, soli laini ya ndani huinuliwa, kibati kikatolewa na kuwekwa kingine.

Skrubu iliyoshikwa na kutu itiwe mafuta na kuachwa usiku kucha. Ikikataa, kichwa chake hutobolewa kwa keekee mpaka kikatike.

Wakati wa kufunga, skrubu zipakwe grisi, zianzishwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Nguvu kupita kiasi ndiyo inayoyala meno. Kabla ya kwenda barabarani, mguu ujaribiwe kunasa na kuachia, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani.