Sanamaki haiondoi kitambi

Msomaji wangu wa Musoma, Bunda au Butiama, huenda umeshauziwa kifuko cha sanamaki ukiambiwa "inasafisha tumbo" na kupunguza kitambi.

Ni majani na maganda ya kichaka chenye maua ya njano, jamii ya kunde, kinachoota nchi za ukame kama Sudan na Somalia. Dawa yenyewe ni ya kweli. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wagonjwa wanaotumia mofini hupewa ili wapate choo.

Hufanya kazi kwenye utumbo mpana baada ya bakteria wa humo kuivunja, na hilo huchukua saa 6 hadi 12. Wengi hujiumiza hapo: wanakunywa jioni, saa mbili zinapita kimya, wanaongeza glasi ya pili. Watakesha chooni.

Na kitambi? Unachopoteza ni maji na madini ya potasiamu. Mafuta yako palepale. Kwa mgonjwa wa moyo anayemeza Lasix au digoksini, potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Mkojo kuwa mwekundu kidogo kusikutishe. Lakini ukibaki hivyo baada ya kuacha dawa, kapime, maana huku Kanda ya Ziwa kichocho kipo.

Usizidishe wiki moja, wala usimpe mtoto bila daktari. Mwenye maumivu makali, anayetapika na hatoi hata upepo, asiinywe kabisa: utumbo unaweza kuwa umeziba, awahi hospitali. Choo kigumu cha kawaida anza nacho kwa maji ya kutosha, matembele, maharage, papai, na ugali wa dona badala ya sembe.